Kuhamisha muziki kutoka kwenye CD hadi kompyuta: mwongozo kamili wa kuifanya kazi mara moja tu

Ukitumbukiza CD ya muziki kwenye kompyuta ya Windows na kuifungua kama folda yoyote, utakuta mafaili yenye majina kama Track01.cda na Track02.cda. Wengi huyaburuta hadi kwenye kompyuta, hufurahi kuona albamu nzima imehama kwa sekunde moja, kisha huifungia CD kabatini. Siku wakibofya wimbo, kimya. Kila faili la aina hiyo lina baiti 44 tu. Ni kibao cha njia kinachoonyesha wimbo unaanzia wapi kwenye diski. Wimbo wenyewe haumo.

CD ya muziki, kwa kanuni ambazo Philips na Sony walikubaliana mwaka 1980, haina mafaili kabisa. Ina mkondo mmoja mrefu wa namba unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni, sampuli 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto na nyingine kama hizo kwa ya kulia, pamoja na jedwali dogo mwanzoni linalotaja kila wimbo unaanzia wapi. Kuhamisha muziki ni kuusoma mkondo huo wote na kuuandika upya kama mafaili. Ukikuta mafaili ya .mp3 ndani ya diski, basi hiyo ni diski ya data aliyoichoma mtu. Yanakili kama mafaili mengine yoyote, uruke moja kwa moja hadi sehemu ya majina.

Kazi hii nimeifanya mara mbili. Mara ya kwanza nilibana nafasi, nikachagua MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, iliyobanwa mno, na majina nikaacha yajiandikie yenyewe. Miaka michache baadaye nilipata hedifoni nzuri, nikasikia matoazi yakichuruzika kama maji ya bomba, nikarudi kwenye makasha yale yale kuanza upya. Mwongozo huu umeandikwa kukuepusha na mara ya pili.

Draivu

Kompyuta nyingi mpya hazina mahali pa kutia CD. Draivu ya DVD ya nje inayochomekwa kwenye USB inatosha, kwa kuwa draivu za DVD husoma CD pia, na hakuna haja ya kununua ya bei ghali. Ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Draivu inayokosa umeme hukwama katikati ya diski nawe ukadhani CD ndiyo mbovu. Kama una zile CD ndogo za sentimita 8, chagua draivu yenye trei, kwa sababu zile zinazomeza diski kwa mdomo zinaweza kuinasa.

Ukiweza kuazima draivu ya pili, ya aina tofauti, ijue iliko. Utaihitaji.

Jambo jingine la kufanya kabla ya chochote: zima ile tabia ya kompyuta kuendesha yenyewe programu zilizomo kwenye diski. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG ililazimika kuziondoa sokoni CD ambazo zilikuwa zikisakinisha programu iliyojificha ndani ya Windows bila mwenye kompyuta kujua. Diski za aina hiyo bado zimo kwenye makabati ya watu.

Fomati: amua sasa, usije ukajuta

Sauti ya CD isiyobanwa hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Albamu ya saa moja inakaribia megabaiti 635. Una njia mbili za kuipunguza.

Ya kwanza hubana bila kutupa kitu, kama unavyofunga nguo kwenye mfuko wa utupu: ukifungua, shati ni lile lile. Fomati maarufu ya namna hii ni FLAC, ambayo ni ya bure na huchezwa karibu kila mahali. Albamu ile ya saa moja hushuka hadi megabaiti 300 au 400 hivi. Wanaotumia programu ya Music ya Apple watachagua ALAC, kwa sababu programu hiyo haipokei FLAC; zote mbili huhifadhi sauti ile ile kamili, na unaweza kugeuza moja kuwa nyingine siku yoyote bila hasara.

Njia ya pili hutupa sauti ambazo sikio la kawaida halizitambui. Humo ndimo zilimo MP3, AAC na Opus. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144 kwa saa, na ikitengenezwa vizuri watu wengi hawaitofautishi na CD. Lakini kilichotupwa hakirudi, na kila ukigeuza kutoka fomati moja ya aina hii kwenda nyingine unatupa tena.

Ushauri wangu hauna kona: nakili kwa FLAC au ALAC. CD 500 zitakula gigabaiti 175 hivi, na diski ya nje ya ukubwa wa terabaiti moja itazimeza na kubaki na nafasi tele. Ukitaka mafaili madogo kwa ajili ya simu, yatengeneze kutoka kwenye FLAC baadaye. Na usigeuze MP3 za zamani kuwa FLAC ukidhani unaziboresha. Utapata faili kubwa lenye kasoro zile zile.

Panga foleni ya diski, kisha zisafishe

Usianze na albamu unayoipenda kuliko zote. Anza na CD zilizochomwa kwenye kompyuta, kwa sababu hizo huhifadhi data kwenye rangi inayofifia kwa mwanga na joto, na baadhi tayari zimeanza kufa. Zifuatie zile ambazo huwezi kuzipata tena popote. CD za kiwandani zilizojaa madukani zinaweza kusubiri.

Ishike kila diski kwa ukingo na uielekeze kwenye taa. Ukiona vitobo vidogo vya mwanga, tabaka linaloakisi limetoboka, na hapo hakuna dawa. Watu wengi hulinda upande unaong'aa na kuulaza ule wenye maandishi mezani, kumbe mambo ni kinyume: upande wa chini una plastiki ya unene wa zaidi ya milimita moja kuikinga data, ilhali upande wa maandishi una vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa juu ndio unaoua.

Futa kwa kitambaa laini cha miwani, kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe kamwe. Data imepangwa kwa mduara, na CD imeundwa iweze kurekebisha pengo fupi linalokatiza njia. Mkwaruzo unaofuata njia yenyewe hufuta kipande kirefu kuliko uwezo wa marekebisho hayo. Alama za vidole zikigoma, tumia maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, suuza, na uikaushe kabisa kabla ya kuitia kwenye draivu.

Programu

Programu za kawaida za kucheza muziki zinaweza kunakili CD. Windows Media Player ya kwenye Windows 10 na 11 inatoa FLAC, na Music ya Apple inatoa ALAC. Kwa diski safi matokeo yao kwa kawaida ni mazuri. Shida yao ni moja: zikikutana na sehemu isiyosomeka huweza kujaza pengo kwa kukisia, zisikwambie. Utagundua mwaka ujao, katikati ya wimbo, kwa mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Ukitumia ya Apple, fungua mipangilio ya kuingiza CD na uwashe kurekebisha makosa wakati wa kusoma. Haiji ikiwa imewashwa.

Programu zilizoundwa kwa kazi hii husoma kwa tahadhari: zikitilia shaka kipande, hukirudia tena na tena mpaka majibu yalingane. Kwenye Windows ni Exact Audio Copy, kwenye Mac ni XLD, kwenye Linux ni whipper. Anayetaka kitu chepesi chenye sura moja kwenye mifumo yote atumie fre:ac. Zote nne hazilipiwi kwa matumizi ya nyumbani.

Nitaeleza kwa kutumia Exact Audio Copy, kwa kuwa ndiyo inayowatisha watu kwa wingi wa vitufe. Ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza maswali kuhusu draivu yako. Chagua usahihi badala ya kasi. Iachie iipime draivu yenyewe, ukiwa umetia CD ya kiwandani iliyo safi na inayojulikana sana. Inatafuta mambo mawili. La kwanza ni kama draivu huhifadhi ilichosoma kwenye kumbukumbu yake, kwa sababu draivu ya namna hiyo ukiiambia "soma tena" hukurudishia jibu la zamani badala ya kuitazama diski upya. La pili ni utofauti wa kuanzia: kila muundo wa draivu huanza kusoma sampuli kadhaa mapema au kuchelewa. Sikio halisikii tofauti hiyo, lakini bila kuisahihisha huwezi kulinganisha nakala yako na za wengine.

Na kulinganisha ndiko kunakoleta uhakika. AccurateRip ni hifadhi ya mtandaoni ya namba za uhakiki, yaani namba zinazokokotolewa kutokana na sauti iliyosomwa, zilizotumwa na watu walionakili CD zile zile kwa draivu nyingine. Ukimaliza, programu huuliza: je, namba yangu inafanana na zao? Watu kumi wasiojuana hawawezi kupata kosa lile lile kwenye sekunde ile ile. Iwashe.

Kisha weka mambo haya kwenye mipangilio: fomati iwe FLAC, kiwango cha kubana kiwe cha kati, 5, au hata cha juu, 8 (kinabadilisha ukubwa wa faili na muda wa kubana, si sauti), vipindi vya kimya kati ya nyimbo vibaki mwishoni mwa wimbo uliotangulia, na ripoti ya kila diski ihifadhiwe yenyewe kando ya muziki. Usiguse kitufe chochote cha kusawazisha ukubwa wa sauti. Hicho hubadilisha muziki wenyewe, na nitakuonyesha njia bora mbele.

Diski ya kwanza

Itie. Subiri orodha ya nyimbo itokee. Vuta majina kutoka mtandaoni, yasome yote, rekebisha makosa kabla ya kunakili, kwani hapa ni rahisi kuliko baadaye. Chagua nyimbo zote, kisha uchague amri ya kujaribu na kunakili, ambayo husoma kila wimbo mara mbili na kulinganisha. Inachukua muda mara mbili zaidi. Kwa diski ambayo AccurateRip inaijua unaweza kuruka jaribio hilo. Kwa CD adimu ambayo haimo, usiruke, maana huna shahidi mwingine.

Diski safi humalizika kwa dakika tano hadi kumi na tano. Iliyochakaa inaweza kukaa saa nzima ikirudia wimbo mmoja.

Sasa fungua ripoti. Kila wimbo una namba mbili za uhakiki, ya jaribio na ya kunakili; zikifanana na AccurateRip ikakubali, umemaliza. Ubora ulioandikwa asilimia 99.8 usikutie hofu iwapo mwisho wake imeandikwa kwamba nakala ni sawa: maana yake ni kwamba mahali fulani draivu ililazimika kurudia, na ikafanikiwa. Kinachotakiwa kukushtua ni mstari unaotaja mahali penye shaka na kutoa dakika na sekunde. Nenda pale pale kwenye wimbo, sikiliza kwa hedifoni.

Nakili kumi tu kwanza, kisha usimame. Zicheze kwenye simu, kwenye spika, kwenye programu utakayoitumia. Kama kuna jambo hukulipenda, bora ulijue kwenye diski ya kumi kuliko ya mia tatu.

Diski inapogoma

Fuata mpangilio huu. Isafishe tena. Punguza kasi ya kusoma. Kisha tumia ile draivu ya pili; mara nyingi diski iliyokataa kabisa kwenye draivu moja hupita kwenye nyingine kama hakuna kilichotokea, na sijapata maelezo zaidi ya kwamba macho hayafanani. Draivu ikipata joto kwa kukazana, ipumzishe.

Kung'arisha mkwaruzo kwa dawa maalumu kuwe hatua ya mwisho, kwa upande wa chini pekee, na baada ya kuhifadhi nyimbo zote zilizosomeka. Wimbo mmoja ukibaki na mlio wa nusu sekunde, uweke alama kwenye orodha yako na uendelee. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikipigania wimbo ambao, kusema kweli, huwa nauruka.

Majina: hapa ndipo ilipo kazi

CD nyingi hazina majina ya nyimbo ndani yake. Programu huhesabu idadi ya nyimbo na mahali kila mmoja unapoanzia, hutengeneza utambulisho kutokana na namba hizo, kisha huuliza hifadhi ya mtandaoni kama kuna mtu aliyekwishaandika majina ya diski ya namna hiyo. Ndiyo maana mara moja moja unatia albamu ya dansi ukaletewa mahubiri: diski mbili zimegongana namba. Na ndiyo maana CD uliyochoma mwenyewe haitambuliwi.

Kama programu yako ya zamani imeacha kuleta majina, huenda bado inauliza hifadhi ya freedb, iliyofungwa mwaka 2020. Ielekeze kwenye MusicBrainz au GnuDB. Mimi hutegemea MusicBrainz, inayohaririwa na watu wa kujitolea kwa kanuni kali, pamoja na programu yake ya Picard, inayoweza hata kutambua wimbo usio na jina kwa kuusikiliza. Albamu isipokuwamo, andika kwa mkono ukitazama jalada, kisha uitume huko; atakayekuja baada yako hataandika tena.

Tagi ni maandishi yanayokaa ndani ya faili: jina la wimbo, msanii, albamu, namba, mwaka. Programu za muziki hupanga maktaba kwa tagi, si kwa jina la faili. Sehemu inayoharibu maktaba nyingi kuliko zote huitwa Album Artist, yaani mwenye albamu. Chukua albamu ya nyimbo za wasanii ishirini. Ukiiacha sehemu hiyo tupu, maktaba itaipasua kuwa albamu ishirini zenye wimbo mmoja mmoja. Andika "Wasanii Mbalimbali" kwenye Album Artist ya nyimbo zote, na kwenye sehemu ya msanii mwache kila mmoja na jina lake. Vivyo hivyo kwa mwimbaji aliyeshirikisha wageni: mwenye albamu ni yeye tu, wageni wakae kwenye sehemu ya msanii wa wimbo husika.

Kisha jiwekee kanuni chache na uziandike kwenye karatasi, kwa sababu baada ya wiki mbili utazisahau. Jina la bendi linaandikwa vipi, kwa urefu au kwa kifupi? Kompyuta haijui kwamba "Orch." na "Orchestra" ni kitu kimoja. Mwaka ni wa albamu kutoka mara ya kwanza, au wa CD iliyorudiwa kuchapishwa? Mimi huandika wa kwanza, ili muziki upangike kwa umri wake. Albamu yenye CD mbili iwe na jina moja, na namba ya diski ikae kwenye sehemu yake. Usiongeze "CD 2" kwenye jina. Kuhusu aina ya muziki, usigombane na dunia. Chagua aina kumi hivi, basi.

Folda ziende hivi:

Muziki / Jina la Msanii / 1987 - Jina la Albamu / 01 - Jina la Wimbo.flac

Sifuri mbele ya 1 si pambo. Bila hiyo, vifaa vingi, hasa redio za magari, vitacheza wimbo wa 1, kisha wa 10, wa 11, ndipo vije wa 2. Na epuka mikwaju (/), nukta mbili, alama ya kuuliza na nyota kwenye majina ya mafaili, kwani Windows huzikataa. Kwenye tagi ziandike upendavyo.

Picha ya jalada iwe na upana wa pikseli 600 hadi 1,000, ihifadhiwe ndani ya folda kwa jina cover.jpg na pia ndani ya mafaili. Isipopatikana mtandaoni, piga picha jalada lenyewe karibu na dirisha, bila taa ya kamera.

Kutoka hapo hadi masikioni

Fungua programu ya maktaba, kama MusicBee au foobar2000, uielekeze kwenye folda ya Muziki. Utagundua haraka kwamba CD za miaka ya 1980 zina sauti ndogo kuliko za miaka ya 2000. Dawa yake ni ReplayGain: programu hupima kila albamu na kuandika kwenye tagi ipandishwe au ishushwe kiasi gani wakati wa kucheza. Muziki wenyewe haubadilishwi, na ukichoka unaifuta.

Kwa simu yenye nafasi ndogo, tengeneza nakala za AAC au Opus kutoka kwenye FLAC na uziweke folda tofauti. Hizo ni za kutupwa na kutengenezwa tena. Usizichanganye na asili. Sikiliza pia albamu za tamasha, zile ambazo makofi huvuka kutoka wimbo hadi wimbo. MP3 huongeza kimya kidogo kwenye ncha za kila wimbo, na kichezeshi kisichojua kukiondoa kitakata makofi hayo kama kwa kisu.

Nakala ya akiba na CD zenyewe

Diski ya kompyuta hufa bila kuaga. Kuwa na nakala ya pili kwenye diski ya nje na ya tatu nje ya nyumba. Nakili akiba baada ya kila kundi la CD, si mwisho wa kazi yote.

CD usizitupe wala usiziuze. Sheria za kujinakilia muziki ulioununua hutofautiana. Uingereza iliruhusu Oktoba 2014, na Julai 2015 mahakama ikaifuta ruhusa hiyo. Soma za nchi yako, na mafaili usiyasambaze. Bandika kikaratasi kwenye kasha la kila CD iliyokamilika, kamwe si kwenye diski yenyewe, uzipange kwenye boksi mahali pakavu pasipo na jua.

Kisha fungua ile diski ya akiba, chagua albamu yoyote bila kufikiri, na ucheze wimbo wa mwisho hadi sekunde yake ya mwisho.